Desturi na Imani za Watu wa Magharibi ya Ziwa Tanganyika

1. Nchi na watu wake

Mashariki ya Kongo kuna ziwa refu sana, nalo ni Tanganyika. Urefu wake wapata kilometa 670, na kina chake chapita meta 1,400. Katika dunia nzima liko ziwa moja tu lenye kina zaidi, nalo ni Baikal la nchi ya Urusi. Ng'ambo ya mashariki ni Tanzania, kusini ni Zambia, na kaskazini ni Burundi. Upande wa magharibi ni Kongo, na hapo ndipo lilipo jimbo la Tanganyika. Mji wake mkuu ni Kalemie, ambao zamani uliitwa Albertville mpaka mwaka wa 1966.

Bendera iko kaskazini ya Kalemie, kwenye njia iendayo Fizi. Jina lake lajulikana hata mjini kwa ajili ya maporomoko ya mto Kyimbi. Maji yale huanguka kwa nguvu nyingi na kuzungusha mashine, na mashine huzaa umeme. Umeme hupita katika nyaya, milima kwa mabonde, hata kufika Kalemie.

Watu wa nchi hii si wa kabila moja. Wako Watabwa, Waholoholo, Waluba, Wakalanga, Wabuyu, Wabembe na Watwa. Kila kabila lina lugha yake na hadithi zake. Lakini wakikutana sokoni, hospitalini au kanisani, husema Kiswahili. Lugha hii ilifika pamoja na wasafiri na wafanya biashara waliotoka pwani na Ujiji, wakavuka ziwa kwa majahazi. Njia hiyo hiyo ilileta nguo na shanga, ikaleta na minyororo ya watumwa. Lugha iliyosikika kwanza katika misafara ile ndiyo leo lugha ya sala na ya shule. Basi ni dhahiri kwamba Mungu aweza kutoa kitu chema hata katika njia mbaya.

2. Ukoo na heshima

Watabwa na Waholoholo huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Waluba wengi wa Katanga huhesabu ukoo kwa upande wa baba. Kwa hiyo watoto wawili wanaoketi juu ya benchi moja shuleni waweza kujibu kwa namna mbili tofauti wakiulizwa, "Wewe ni wa nani?" Wote wawili wamejibu vema.

Jambo moja ni sawa kwa wote: mtu hahesabiwi peke yake. Mtu ni wa ukoo, na ukoo si wa walio hai tu. Ndani yake wamo waliokufa, na wamo wale ambao hawajazaliwa bado. Mtoto akizaliwa, mara nyingi hupewa jina la babu au bibi aliyekwisha kufa, ili jina lisipotee katika nchi.

Heshima hufundishwa nyumbani kabla ya shule. Mtoto humwamkia mkubwa, hupokea kitu kwa mikono miwili, wala hakatizi maneno ya wazee. Mgeni akifika wakati wa chakula, hunawa mikono na kula pamoja na wenyeji, iwe ni bugali na sombe tu, iwe ni bugali na mikebuka ya ziwani. Yeye alaye peke yake kwa kujificha huchekwa na watu.

Watu wa ziwani huishi kwa kuutazama mwezi. Wavuvi wa ndagala hupenda usiku wa giza, kwa sababu hapo samaki huifuata taa ya mtumbwi na kuingia wavuni. Mwezi ukiwa mpevu, hukaa nyumbani na kutengeneza nyavu. Lakini kwa wazee wa Kitabwa siku zile mwezi usipoonekana zilikuwa pia siku za hofu. Walisema kwamba gizani simba hutembea, na watu wenye nia mbaya hutembea. Kwa hiyo mwezi mpya ulipoandama walifurahi. Mafundi wao walichora pembetatu nyingi zilizopangwa mstari, juu ya viti, juu ya mikeka na juu ya sanamu. Alama hiyo waliiita balamwezi, maana yake ni kuandama kwa mwezi mpya. Watu waliochora mfano huo walijua kutumaini.

3. Leza, ngulu na wahenga

Kabla ya padre yeyote kufika, Watabwa walikuwa na jina la Mungu. Walimwita Leza. Wabemba wa Zambia nao wanalo jina hilo hilo kwa sauti tofauti kidogo, yaani Lesa. Leza ndiye aliyeumba watu, milima na maji. Mafundi walichonga sanamu za watu, lakini Leza hawakumchonga. Walijua kwamba yeye hafanani na kitu kinachoweza kuchongwa.

Walakini Leza alionekana kuwa mbali. Mtu mwenye shida hakujua jinsi ya kumfikia. Basi aliwaendea walio karibu zaidi. Wa kwanza walikuwa ngulu, yaani roho zinazosemwa kukaa milimani, mapangoni, katika chemchemi na penye maporomoko. Wa pili walikuwa wahenga wa ukoo. Kwa ajili yao zilichongwa sanamu za mti ziitwazo mipasi, zikawekwa katika nyumba ndogo, zikatunzwa na chifu au mkubwa wa ukoo. Ugonjwa ulipoingia, au mawindo yalipokosekana, mkubwa alikwenda kuwaambia wahenga shida za watoto wao.

Wazungu wengi waliofika zamani walipoziona mipasi walisema, "Watu hawa huabudu miti." Hawakuuliza vema. Mkubwa wa ukoo hakudhani kwamba mti ule ni Mungu. Aliutumia ili asimsahau mzee wake, na ili awe na mahali pa kusema naye. Kosa halikuwa katika kuwakumbuka wazee. Kosa lilikuwapo pale mtu alipowaogopa wafu kuliko kumtumaini Mungu, na alipodhani kwamba uzima wake umo mikononi mwao.

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume twasoma kwamba Mtakatifu Paulo alifika mji wa Athene, akaona altare ya Mungu asiyejulikana. Hakuwacheka watu wa mji. Aliianza hotuba yake na altare ile ile, akawaambia kwamba amekuja kumtangaza huyo wanayemwabudu bila kumjua. Vivyo hivyo, mwalimu aliyefika kwa Watabwa na kutaja jina la Leza hakutaja jina geni. Habari aliyoleta ilikuwa hii: Leza hakubaki mbali. Ametukaribia, akakaa nasi katika Yesu Kristo.

4. Miaka ya taabu

Katika karne ya 19 nchi hii ilipata mateso makubwa. Wauza watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa walichoma vijiji na kuchukua wanaume, wanawake na watoto. Baadhi ya machifu wa nchi nao walishiriki katika biashara hiyo.

Mwaka wa 1883 Mbelgiji mmoja, Émile Storms, alijenga boma huko Mpala, kati ya Kalemie na Moba. Yeye na chifu Mpala walifanya udugu wa damu, kama ilivyokuwa desturi. Kisha mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms walimshambulia chifu Lusinga, aliyekuwa na nguvu nyingi na aliyekamata watumwa, wakamwua. Kichwa chake kilichukuliwa, na fuvu likapelekwa Ulaya. Sanamu ya mhenga wa Lusinga nayo ilichukuliwa. Leo imo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Bruxelles. Wageni huisifu kwa uzuri wake. Wachache hukumbuka kwamba ilikuwa kumbukumbu ya ukoo mmoja, na kwamba iliondoka nyumbani kwa njia ya damu. Lusinga alikuwa na makosa makubwa, lakini kosa la mtu mmoja halihalalishi kosa la mwingine.

Mwaka wa 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la Mpala. Shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka wa 1868. Walipokea watu waliokombolewa utumwani, wakafungua shule, wakalima mashamba. Mwaka wa 1887 alifika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa, aliyewahi kuwa askari wa Papa. Aliwakusanya watu na kuwalinda dhidi ya wauza watumwa. Alimwoa mwanamke wa nchi, jina lake Agnes Atakae, wala hakurudi kwao. Alikufa karibu na Moba mwaka wa 1927, akiwa mzee sana.

Mwaka wa 1893 Padre Victor Roelens alianzisha misioni ya Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu. Mwaka wa 1896 akawa askofu. Katika misioni hizi wengi walibatizwa. Mapadre wa kwanza walitaka Wakristo waziache mipasi. Baadhi ya watu waliziacha kwa moyo mweupe. Wengine walizificha, wakasali kanisani mchana na kwenda kwa mfumu usiku. Hii ilikuwa ishara kwamba kuna swali moyoni mwao ambalo halijapata jibu bado.

5. Padre Stefano Kaoze

Ni nani angeweza kulisikia swali hilo vizuri? Ni mtu aliyezaliwa ndani ya desturi hizo, tena akafahamu Injili. Mtu huyo alikuwa Stefano Kaoze.

Kaoze alikuwa Mtabwa wa nchi ya Marungu, yaani milima iliyo juu ya Mpala na Moba. Alizaliwa karibu na mwaka wa 1886, wakati hofu ya watumwa haijaisha. Alisoma katika shule za misioni, akaingia seminari. Huko alijifunza Kilatini, Kifaransa, filosofia na teolojia kwa miaka mingi. Kazi ile ilikuwa ngumu, wala kabla yake hapakuwa na kijana wa nchi hiyo aliyeimaliza.

Akiwa bado mseminari alifanya jambo ambalo watu hawakulitazamia. Aliandika kwa Kifaransa juu ya watu wake mwenyewe: jinsi wanavyofikiri, jinsi wanavyosema juu ya moyo, wanachokiita kizuri na wanachokiita kibaya, na jinsi wanavyomjua Mungu. Maandiko hayo yalichapishwa katika gazeti moja la Ubelgiji miaka ya 1910 na 1911. Siku zile kulikuwako Wazungu waliosema kwamba Mwafrika hafikiri sawasawa. Kaoze hakuwajibu kwa matusi. Aliwaonyesha maneno na methali za Watabwa, ili wenyewe waone kwamba hapo pana akili, pana dhamiri, na pana roho imtafutayo Mungu.

Miaka 35 baadaye, mwaka wa 1945, padre mmoja Mfransisko aliyefanya kazi Katanga, Placide Tempels, alitoa kitabu juu ya filosofia ya Wabantu, na watu wa nchi nyingi wakakisoma. Lakini mwana wa Marungu alikuwa ameanza njia hiyo zamani.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Askofu Roelens alimpa Kaoze upadre. Akawa padre wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu. Kwa maana zamani sana, katika ufalme wa Kongo ulio karibu na bahari ya magharibi, Henrique, mwana wa mfalme Afonso, alikuwa padre, hata akafanywa askofu mwaka wa 1518. Baada ya hao wa kale ilipita miaka mingi ya ukimya.

Padre Kaoze alifundisha, alibatiza na kutembelea vijiji. Katika miaka ya 1930 alipewa kazi katika misioni mpya ya Kala. Alikusanya pia habari za koo za nchi yake, zisije zikapotea pamoja na wazee waliozijua. Alikufa mwaka wa 1951. Mwaka wa 2017 ilitimia miaka 100 tangu upadrisho wake, na Wakristo wa Kongo waliikumbuka kwa furaha.

Kaoze hakuuacha Utabwa ili awe Mkristo, wala hakuuficha Ukristo ili abaki Mtabwa. Aliyapima mambo yote. Lililo jema alilipokea, na lililo baya alilikataa. Basi ni vema kuuliza: roho ya mtu wa nchi hii yahitaji nini? Mahitaji matatu yaonekana wazi, na wazee wa zamani waliyajua, ingawa waliyataja kwa maneno mengine.

6. Hitaji la kwanza: kuondolewa hofu

Watu wa nchi hii husema kwamba kuna magonjwa ya namna mbili: ugonjwa wa Mungu na ugonjwa wa watu. Ugonjwa wa Mungu huja wenyewe, na mtu huupokea kwa saburi. Ugonjwa wa watu hudhaniwa kuwa umeletwa na mlozi. Kwa hiyo mtu akifa, ukoo huuliza, "Ni nani aliyemwua?"

Swali hili huvunja nyumba nyingi. Mara nyingi lawama humwangukia mjane mzee asiye na wa kumtetea, au mtoto yatima. Wengine wamefukuzwa kijijini, wengine wamepigwa, wengine wameuawa. Lakini homa ya malaria huletwa na mbu. Kipindupindu, ambacho kimeingia Kalemie mara nyingi, huletwa na maji machafu. Mtu aliyekunywa maji ya ziwani bila kuyachemsha asimtafute mlozi kwa jirani. Sheria ya Kongo ya mwaka wa 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza kumshtaki mtoto kwa ulozi, nayo yatoa adhabu kwa afanyaye hivyo.

Walakini sheria peke yake haiondoi hofu. Ukimwambia mtu mwenye hofu, "Wewe ni mjinga," atanyamaza tu, na usiku atakwenda kwa mfumu. Yeye anahitaji jambo kubwa zaidi, yaani kujua kwamba uzima wake umo mikononi mwa Mungu, wala haumo mikononi mwa adui. Tena anahitaji ndugu watakaokaa naye katika ugonjwa. Mgonjwa aliyeachwa peke yake huota walozi. Mgonjwa anayetembelewa, anayeletewa dawa na uji, na anayesaliwa, hupata moyo. Kwa hiyo tangu zamani misioni nyingi ziliweka zahanati karibu na kanisa.

7. Hitaji la pili: kutowapoteza wafu

Wazee waliochonga mipasi waliogopa jambo moja: kwamba aliyekufa atasahauliwa, na wao pia watasahauliwa. Hiyo si fikira mbaya. Kanisa nalo halitaki wafu wasahauliwe. Kila mwaka tarehe 2 Novemba Wakristo husafisha makaburi na kusali kwa ajili ya marehemu. Kila Misa ina sala kwa ajili yao. Watu wa Mungu walio duniani na walio mbinguni ni jamaa moja, na Kanisa laiita jamaa hiyo ushirika wa watakatifu.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, uliofanyika miaka ya 1962 hata 1965, ulifundisha kwamba katika desturi za mataifa zimo mbegu za Neno la Mungu, nazo zapasa kutafutwa kwa heshima. Maaskofu wa Kongo walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka wa 1988 Roma ilikubali utaratibu wa Misa kwa ajili ya majimbo ya nchi hiyo, ambayo siku zile iliitwa Zaire. Katika Misa hiyo, mwanzoni, watakatifu huitwa wawe pamoja na watu wanaosali. Kisha huitwa na wahenga, wale waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa ya namna hii katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, pamoja na Wakongo waliokaa huko.

Wazee wa Marungu wangalistaajabu sana. Wahenga, waliotajwa kwa sauti ndogo mbele ya sanamu ya mti, sasa hutajwa kwa sauti kuu mbele ya altare. Tofauti ni hii: zamani mtu aliwaendea akiogopa hasira yao. Sasa watu husimama pamoja nao, wote wakimwelekea Mungu mmoja.

8. Hitaji la tatu: kupatana

Hitaji la tatu ni gumu kuliko yote. Watwa ni watu wa kale sana katika nchi hii. Huwinda, huokota asali na matunda ya msituni. Kwa miaka mingi jirani zao waliwadharau. Kulikuwako watu waliokataa kula nao chombo kimoja.

Tangu mwaka wa 2013 Watwa na Waluba walipigana vikali katika jimbo la Tanganyika. Mwaka wa 2016 ugomvi uliwaka tena upande wa Kabalo, kwa ajili ya kodi iliyodaiwa Watwa juu ya viwavi wanaookota kwa chakula. Mtu asiyejua angeuliza, "Je, watu hufa kwa ajili ya viwavi?" Lakini viwavi vilikuwa cheche tu. Kuni zilizokauka zilikuwa dharau na uonevu wa miaka mingi. Vijiji vilichomwa pande zote mbili, shule zikabomolewa, na watu mamia ya maelfu walikimbia. Wengi walikaa katika vibanda vya nyasi karibu na Kalemie.

Katika watu hao waliopigana walikuwamo waliobatizwa. Basi ubatizo umefika kichwani, lakini haujashuka bado hata mkononi. Mtu aweza kujua sala zote kwa moyo, naye amkataze jirani yake kuketi karibu naye. Kwa mtu huyo Leza angali mbali, hata kama kanisa liko mlangoni pake.

Wazee wa zamani walijua kwamba damu iliyomwagika haikauki yenyewe. Palihitajiwa kukutana, kusema kosa mbele ya watu, kulipa, kisha kula pamoja. Misa ya Kongo yafuata mwendo kama huo. Watu huwaita watakatifu na wahenga, husikiliza Neno la Mungu na mahubiri, ndipo huungama makosa yao. Baada ya hayo hupeana amani, kisha huleta vipaji na kuikaribia meza ya Bwana. Neno huja kwanza, kwa sababu mtu hawezi kuliona kosa lake kabla ya kusikia. Amani hutangulia chakula, kwa sababu adui wawili hawawezi kula meza moja.

9. Mafundisho ya somo hili

Watu wa magharibi ya ziwa hawakuwa kama chungu kitupu kilichongoja kujazwa. Walikuwa na jina la Mungu, walikuwa na heshima kwa wazee, na walijua thamani ya ukoo. Walikuwa pia na hofu, na uadui, na dharau, kama watu wa mataifa yote. Anayetaka kuwasaidia lazima asikilize kwanza, kama mganga mwema aulizavyo, "Waumwa wapi?" kabla ya kutoa dawa.

Kazi ya kusikiliza haikwisha na Padre Kaoze. Mtoto anayesoma Bendera ana babu na bibi wanaojua majina ya wahenga, methali na habari za koo. Mtoto huyo akiwauliza wazee na kuandika maneno yao katika daftari, aendelea na kazi ya Kaoze. Mtoto asiyekubali kumcheka mwenzake Mtwa, bali amkaribisha kucheza naye mpira na kugawana naye mhogo wake, naye aendelea na kazi ya Injili. Na mtoto anayechota maji kwa bibi kizee ambaye watu wamemnong'ona kuwa mlozi, huyo amekwisha kuielewa Injili kuliko wengi wanaoihubiri.

Maneno ya kujifunza

Wahenga: wazee wa ukoo waliokufa zamani.
Mipasi: sanamu za wahenga kwa Watabwa.
Ngulu: roho zinazosemwa kukaa milimani na majini.
Mfumu: mtu anayetafuta sababu ya ugonjwa kwa kupiga ramli.
Mlozi: mtu anayedhaniwa kuwadhuru wengine kwa uchawi.
Dhamiri: sauti ya moyoni inayotuonyesha jema na baya.
Balamwezi: alama ya pembetatu, ishara ya mwezi mpya.

Maswali

1. Taja makabila matano ya jimbo la Tanganyika.
2. Watabwa huhesabu ukoo kwa upande wa nani? Na Waluba wengi wa Katanga?
3. Kwa nini wavuvi wa ndagala hupenda usiku wa giza? Kwa nini wazee wa Kitabwa waliufurahia mwezi mpya?
4. Wazungu wa kwanza walikosea nini juu ya mipasi? Mkubwa wa ukoo aliitumia kwa nini?
5. Kaoze aliandika juu ya nini katika miaka ya 1910 na 1911? Alipewa upadre tarehe gani?
6. Malaria huletwa na nini? Kipindupindu je? Ni nani huumia mara nyingi watu wanapotafuta mlozi?
7. Katika Misa ya Kongo, amani hupeanwa kabla au baada ya kuleta vipaji? Eleza sababu.
8. Zoezi la nyumbani: mwombe babu, bibi au mzee mwingine akufundishe methali moja ya kabila lake. Iandike katika lugha yake, kisha ueleze maana yake kwa Kiswahili.